Mguu mmoja kuvimba baada ya upasuaji wa kujifungua
Dada uliyeuliza kuhusu mguu mmoja uliovimba baada ya upasuaji, usiukande kwa maji ya moto wala usiuchue, hata kama mama mkwe anasema ni baridi imeingia. Mguu mmoja tu ukivimba na kigimbi kikauma siku chache baada ya upasuaji, cha kwanza kushukiwa ni damu iliyoganda kwenye mshipa wa ndani. Mimi ni muuguzi wodi ya wazazi na hili tunaliogopa sana: ujauzito hufanya damu igande kwa urahisi, na hatari huwa kubwa zaidi wiki 6 za mwanzo baada ya kujifungua. Ukichua, bonge hilo la damu linaweza kung'oka likaenda kuziba mshipa wa mapafu. Nenda hospitali leo, upimwe mguu kwa ultrasaundi. Dawa za kuzuia damu kuganda zipo, kama heparini au warfarini, na hazikuzuii kunyonyesha. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa mara nyingi ni maji tu, ila presha ipimwe. Pumzi ikibana, kifua kikichoma au ukikohoa damu, hiyo ni dharura, usingoje kukuche.