Kabla hamjabomoa nyumba ya babu

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na binti wa rafiki yangu. Familia yao ina nyumba ya zamani katikati ya mji wa Iringa, si mbali na soko kuu, na amewajia mwekezaji mwenye maneno laini: nipeni kiwanja, nijenge jengo la ghorofa nane, ninyi mchukue apatimenti sita, zinazobaki nitauza mimi. "Baba mdogo, tusaini?" akaniuliza. Nilimshika kwenye simu karibu saa nzima, maana sisi tulisaini.

Nyumba yetu babu aliinunua mwanzoni mwa miaka ya sabini kwa Mhindi muuza vitambaa aliyekuwa anahama. Duka mbele, vyumba nyuma, ua katikati, matofali ya kuchoma, bati lililoiva kutu, na mlango wa mninga wa mbao mbili mzito kiasi kwamba tukiwa watoto tuliusukuma wawili wawili. Tulibaki warithi watano. Kodi ya duka ukiigawa kwa watano haitoshi ada ya mtoto mmoja. Sasa mtu anakuja anasema kila mmoja apate apatimenti yake yenye lifti. Ungekataa wewe?

Kosa letu ni moja, mengine yote yalizaliwa hapo: tulibomoa kwanza. Mwenzetu wa ubia alisema benki ikiona kiwanja kiko wazi itaamini mradi umeanza. Katapila lilimaliza kazi kwa siku mbili. Kibali cha ujenzi kilikuwa hakijatoka, na fedha, kama tulivyokuja kugundua, zilikuwa bado ni maneno. Wakachimba msingi wakakutana na jabali. Mji wenyewe umekaa juu ya mawe. Gangilonga pale juu, jiwe linaloongea kama Wahehe walivyoliita, kila mtu amelipanda akiwa mwanafunzi, lakini hakuna aliyefikiria kupima udongo kabla ya kuchora ghorofa. La kwetu nalo liliongea. Gharama za msingi zikapaa, mwenzetu akaanza kutopokea simu.

Shimo lilikaa wazi misimu mitatu ya mvua. Ukuta wa jirani ukapasuka, na jirani hakumtafuta mwekezaji, alitutafuta sisi, kwa kuwa hati ya kiwanja ina jina la familia.

Kwa hiyo nilimwambia yule binti: nyumba isiguswe hata bati moja mpaka kibali kiwe mezani, na msome kimeandikwa ghorofa ngapi. Idadi ya kwenye mchoro wa rangi anaowaonyesha dalali si lazima iwe idadi iliyoidhinishwa. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likaua watu zaidi ya thelathini. Nendeni wenyewe kwa afisa mipango miji wa manispaa, muulize eneo lenu limepangiwa nini. Ripoti ya udongo muione, na wakili wenu, siyo wake, aandike kwenye mkataba kwamba kubomoa kunaanza baada ya fedha za msingi kuonekana benki.

Jambo la pili hata mimi nilichelewa kulielewa. Ukishabadilisha kiwanja kwa apatimenti, huna tena kiwanja chako peke yako. Una sehemu ya jengo, na ngazi, paa, lifti na tangi la maji ni mali ya wote. Sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo ya mwaka 2008 inaruhusu kila apatimenti kuwa na hati yake, lakini hati hizo hazijiandiki zenyewe. Kama mkataba hausemi nani anazishughulikia na lini, mtaishi humo kama wapangaji wasiolipa kodi. Tena angalieni hati ya kiwanja imebakiza miaka mingapi. Hati ya miaka 33 iliyobakiza saba si ya kumegea watu apatimenti.

Kuna wanaojifariji kwamba majengo ya zamani hayaguswi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vilivyojengwa kabla ya 1863. Wajerumani walifika hapa miaka ya 1890. Jengo la Mjerumani au la Mhindi linahitaji kutangazwa rasmi ndipo lilindwe, na nyumba za maduka kama yetu mara nyingi hakuna aliyekumbuka kuzitangaza. Boma la Wajerumani hapa mjini lilipona likawa makumbusho. Yetu ilikuwa nyumba tu, na mtetezi wake angekuwa sisi.

Sisemi watu wasijenge. Mji unajaa, na si kila ukuta mkongwe una thamani. Ila leo ningeacha duka la mbele na kibaraza chake, nikajenge ghorofa tatu uani kwa kasi ya mfuko wetu.

Kilichookolewa ni ule mlango wa mninga. Uko Kihesa kwa shangazi, ameufunga kwenye banda la kuku. Nimeuomba mara mbili. Anasema nimwonyeshe kwanza nyumba ya kuufunga.