Kutambua asili na umri wa baiskeli ya mashindano ya chuma

Nimekuelewa: stika zimebanduka, imebaki namba chini ya fremu, na unataka kujua baiskeli imetoka wapi na mwaka gani. Tafadhali usikwangue rangi kwanza, maana kivuli cha maandishi ya zamani hufichwa humo.

Namba peke yake mara nyingi haitoshi. Kila kiwanda kilikuwa na mpangilio wake. Pima urefu wa bomba fupi la fremu linalobeba ekseli ya pedali, toka ukingo hadi ukingo. Milimita 70 kwa kawaida ni Italia. 68 ni Uingereza, Japani au Ufaransa. Ukifungua kikombe cha upande wa cheni (kile kinachoshika gololi za ekseli hiyo), cha Kiitaliano hulegea kinyume cha saa, cha Kiingereza kwa mwelekeo wa saa. Ukikosea ukalazimisha, nyuzi za skrubu zinakufa.

Kwa umri, pima upana wa nafasi ndani ya fremu inapokaa ekseli ya gurudumu la nyuma: milimita 120 ni gia tano za nyuma, 126 sita au saba, 130 nane na kuendelea. Ila fremu ya chuma hupanuliwa, kwa hiyo linganisha na vifaa. Shimano, kampuni ya Kijapani ya vifaa vya baiskeli, iligonga herufi mbili nyuma ya kifaa: ya kwanza mwaka (A ni 1976, B ni 1977), ya pili mwezi. FC ni Machi 1981. Kibadilisha gia cha nyuma cha Nuovo Record, cha kampuni ya Kiitaliano Campagnolo, chenye maandishi PATENT-75 ni cha takriban 1975. Kifaa kimoja kisikudanganye, huenda kilibadilishwa. Tafuta vitatu vinavyokubaliana.

Kabla ya kuipanda, kagua upande wa chini wa bomba linaloshuka kutoka kwenye usukani kwenda kwenye pedali, karibu na uma unaoshika gurudumu la mbele. Rangi iliyojikunja hapo huashiria fremu iliyogongwa. Mwonyeshe fundi wa fremu.