Idondoshee tone la maji kabla hujainunua

Mara ya kwanza kutumia felti ya kaboni, yaani mkeka laini wa nyuzi za kaboni, kutengenezea elektrodi, nilikata kipande nikakitumbukiza kwenye elektroliti (kimiminika kinachopitisha umeme), kikaelea kama kizibo. Nikakizamisha kwa kibanio, kikaibuka. Karatasi ya muuzaji ilijisifu kuwa zaidi ya asilimia 90 ya felti hiyo ni uwazi mtupu. Haikusema kwamba maji hayaingii humo.

Siku hizi naomba sampuli kwanza, naidondoshea tone. Likikaa juu kama shanga, najua kuna kazi. Dawa yake mara nyingi ni moto: joko lenye hewa, nyuzi 400 hivi za Selsiasi, saa kadhaa. Uso wa nyuzi za kaboni hupata oksijeni na maji hukubali kupenya. Ukizidisha, kaboni inaungua na kipande kinalegea.

Kukunjika nako kuna mitego. Karatasi ya kaboni na kitambaa cha kaboni vinafanana majina tu: karatasi ukiikunja huvunjika kama jani kavu, kitambaa unakizungushia kalamu bila wasiwasi. Kizungushie hivyo hivyo kikiwa kimeunganishwa na mita, utazame kama ukinzani wa umeme unaruka. Kwa felti, andika pia unene wake ulipopima, maana ukiikandamiza nyuzi hugusana zaidi na ukinzani hushuka. Namba isiyo na unene hainisaidii.

Sifongo ya nikeli, yaani metali yenye matundu kama sifongo, ndiyo iliyoniaibisha. Inapitisha umeme vizuri na inapinda, ingawa ikishabonyea hairudi. Niliipaka unga wangu niliotaka kujua unahifadhi chaji kiasi gani, nikaipima kwenye haidroksaidi ya potasiamu, ambayo ni alkali, chaji ikatoka nyingi mno. Nikaanza kuchora grafu za kujivunia. Mwenzangu akauliza, "Sifongo tupu umeipima?" Sikuwa nimeipima. Nilipoipima, sehemu kubwa ya ile chaji ilikuwa ya nikeli yenyewe, kwa kuwa kwenye alkali uso wake hubadilika kuwa haidroksaidi na kushiriki mchezo. Kwenye asidi usiijaribu kabisa, inayeyuka. Huko baki na kaboni.

Halafu ukishafanikiwa kuifanya felti inywe maji, itayanywa mpaka juu. Yatapanda kimyakimya kwenye nyuzi hadi kwenye klipu ya shaba, na asubuhi utakuta kutu ya kijani na mkondo unaoyumba. Mimi napaka nta ya moto shingoni mwa kipande, juu kidogo ya usawa wa maji, ndipo nabana klipu.