Kufufua kasha la siga lililokauka katika hali ya hewa ya Dodoma

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba umeachiwa na marehemu baba yako mdogo kasha la mbao la kuhifadhia siga (zile sigara nene za majani ya tumbaku yaliyokunjwa), kwamba limekaa stoo hapa Dodoma zaidi ya miaka miwili bila kuguswa, na kwamba siga zilizomo zinalia kama majani makavu ukizibana. Umeuliza kama unaweza kuzilaza usiku kucha juu ya beseni la maji ya moto ili zilainike. Nakusihi usifanye hivyo. Mimi nilifanya jambo linalofanana na hilo, na kufikia asubuhi siga sita zilikuwa zimepasuka kwa urefu, kwa sababu tumbaku iliyokazwa ndani ilivimba upesi kuliko jani jembamba la nje lilivyoweza kunyumbuka.

Anza na kasha lenyewe, na siga uzitoe kwanza. Mbao ya ndani kwa kawaida ni Cedrela odorata, mti wa Amerika ya kitropiki ulio ukoo mmoja na mkangazi wetu, na ambao hata hapa nchini umepandwa, hadi katika msitu wa Kimboza mkoani Morogoro umegeuka kuwa mti vamizi. Mbao hiyo ikikauka hunyonya unyevu wote unaouweka ndani, kwa hiyo ukirudisha siga kabla haijashiba, mbao itazinyang'anya hata kidogo zilichobakiwa nacho. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Ukikuta ukungu, upanguse kwa spiriti isiyo na manukato, kisha uache kasha wazi mpaka harufu iishe kabisa. Usiloweshe mbao kwa kitambaa chenye maji, maana nyuzi zake huinuka na mfuniko hupinda. Weka ndani kisahani chenye sifongo kilicholowa, ufunge, uongeze maji kila kinapokauka, na uvumilie wiki mbili. La kwangu lilihitaji wiki tatu, kwa kuwa nilianza mwezi Septemba, wakati upepo wa hapa unakausha kila kitu na kipima unyevu sebuleni kwangu kilisoma asilimia 34 alasiri.

Kuhusu maji, nasisitiza yawe yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakarudishwa kuwa maji bila chumvi. Maji ya bomba ya Dodoma yana chumvichumvi. Tazama ukoko mweupe ulioganda ndani ya birika lako, na ujue kwamba ukoko huohuo utaziba sifongo. Ukiyanunua kwa wauza vipuri, hakikisha unapewa maji ya kuongezea betri na si tindikali, kwa sababu vyote viwili wengi huviita maji ya betri. Mimi hununua duka la vifaa vya maabara, nikaondokana na wasiwasi huo.

Kabla ya kuamini kipima unyevu, kijaribu. Jaza kizibo cha chupa chumvi ya mezani, udondoshee maji kidogo mpaka iwe kama mchanga mbichi bila kuyeyuka, kisha ufungie kizibo na kipimo pamoja ndani ya kopo la plastiki lisilopitisha hewa kwa saa 24. Kipimo kinapaswa kusoma 75. Changu kilisoma 68, maana yake kwa muda wote huo kilikuwa kinanionyesha pointi 7 chini ya unyevu halisi katika kila hesabu niliyofanya.

Siga nazo, wakati kasha linashiba, zikae katika kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na pakiti ya kudhibiti unyevu ya asilimia 62. Zigeuze robo mzunguko kila wiki, kwa mkono mwepesi sana, maana ncha ndizo huvunjika kwanza. Baada ya mwezi mmoja hivi zihamishie kwenye kasha lililotulia kati ya asilimia 65 na 68, na huko zikae miezi mingine miwili au mitatu. Mafuta ya tumbaku yaliyokwisha kupotea hayarudi, na baadhi zitawaka vizuri huku ladha yake imepoa. Hilo ulikubali mapema.

Chunguza pia matundu madogo kama ya sindano. Huyo ni mdudu wa tumbaku, ambaye mayai yake huanguliwa joto likipita nyuzi 24 hivi, nasi Oktoba na Novemba tunapita hapo kila siku. Zenye matundu zitenge kabisa. Kasha liweke chumba chenye ubaridi kuliko vyote, chini sakafuni, mbali na dirisha la jua na mbali na friji, ambayo mgongo wake hutoa joto.

Siga ikiwa tayari, ukiibana taratibu karibu na ncha ya kuwashia itabonyea kidogo na kurudi bila kutoa sauti. Ikilia hata kidogo, irudishe na uiache mwezi mwingine.