"Kipaumbele cha kwanza" au "kipaumbele namba 1"?

SWALI: Natafsiri mwongozo wa swichi za mtandao (vifaa vinavyounganisha kompyuta na simu za ofisi) kwa mafundi wa ofisini kwetu. Palipoandikwa kipaumbele chenye tarakimu 1, niliandika "kipaumbele cha kwanza". Fundi akaziweka simu za intaneti hapo, na kila mtandao ukielemewa sauti zinakatika. Kosa ni langu au lake? Na jedwali la kulinganisha tarakimu hizo, ni sawa kuliita "ramani ya vipaumbele"?

JIBU: Lako, ndugu yangu, ingawa Kiswahili chenyewe kimekuponza. "Cha kwanza" ni kinachotangulia vingine vyote. Na kipaumbele, neno lililoundwa kwa "kupa" na "umbele", tayari limebeba maana ya kutangulizwa. Fundi angeelewa nini tena?

Swichi haihesabu hivyo. Data hupita kwenye waya za mtandao (Etheneti) katika vifurushi viitwavyo fremu, na lebo ya fremu ina biti 3 za kipaumbele, yaani nafasi tatu za 0 au 1, hivyo tarakimu ni nane, 0 hadi 7, na 7 ndiyo ya juu. Kwa mpangilio wa kawaida wa IEEE 802.1Q, kiwango cha kimataifa cha lebo hizo, sauti hupewa 5 na video 4. Cha ajabu, 1 iko chini hata ya 0: 0 ni data za kawaida, 1 ni kazi zinazoweza kusubiri, mfano kunakili mafaili ya akiba. "Cha kwanza" chako kimezipeleka simu mkiani mwa foleni.

Andika "kipaumbele namba 1". Ni kama gesti: "chumba cha saba" unakifikia kwa kuhesabu milango, lakini "chumba namba 7" chaweza kuwa mlango wa kwanza ukimaliza ngazi. Tarakimu imekuwa jina tu. "Kipaumbele cha 1" hakisaidii, kwani wengi watasoma "cha kwanza" vilevile. "Daraja" nalo liache. Kwa aliyefanya mtihani wa kidato cha nne Tanzania, daraja la kwanza ndilo bora.

"Ramani" hapana. Ramani huonyesha mahali, ilhali jedwali lako linaoanisha alama mbili: ya pakiti ya IP (kifurushi cha data cha intaneti kinachobebwa ndani ya fremu), yenye biti 6 (0 hadi 63), na ya fremu, yenye biti 3. Sauti iliyoingia na 46 kwa kawaida huoanishwa na 5. Liite "jedwali la kuoanisha vipaumbele". Mafundi wakisema "kumapu", kutoka "map" ya Kiingereza, wakiwa kazini, usigombane nao.