Cheti Hicho ni cha Jiko Lipi?

SWALI: Assalamu alaykum, ndugu mjibu maswali. Karibu na mahali ninapofanyia kazi kuna tawi la mgahawa wa vifungua kinywa wenye matawi katika nchi nyingi. Wenzangu Waislamu hula hapo kwa sababu dirishani pamebandikwa neno "halali", na mhudumu amenihakikishia kwamba hapana wasiwasi. Hata hivyo, kwenye orodha ya vyakula nimeona bekoni, yaani vipande vyembamba vya nyama iliyotiwa chumvi, ambayo kwa kawaida huwa ya nguruwe. Nitajuaje kama mgahawa huo umethibitishwa kweli?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu msomaji. Neno lililobandikwa dirishani ni dai la mwenye mgahawa, ilhali cheti ni ushahidi wa mtu mwingine aliyeingia jikoni, akakagua stoo na kuuliza nyama ilikotoka. Mhudumu huenda akawa mkweli kabisa na bado asijue, kwa kuwa yeye hupokea nyama ikiwa imeshakatwa na kufungwa.

Omba kuonyeshwa cheti chenyewe, si picha ya nembo, kisha ukisome kwa utulivu. Tazama ni taasisi gani iliyokitoa, namba yake, tarehe ya kwisha na, zaidi ya yote, anwani iliyoandikwa humo. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwani migahawa yenye jina moja mara nyingi humilikiwa na watu tofauti waliokodi jina hilo, na kila mmoja anaweza kuwa na wauzaji wake wa nyama, hivyo cheti cha tawi moja hakilifuniki jingine hata kama vibao vyao vinafanana. Angalia pia cheti kinahusu nini. Kipo cha jiko zima, na kipo kinachohusu bidhaa moja tu, kwa mfano kuku anayeletwa kutoka kiwandani. Mgahawa unaokuonyesha hicho cha pili umekuthibitishia kuku, haujakuthibitishia kikaango.

Ukishapata namba, iulize taasisi iliyotoa cheti, wala usiishie kwa mgahawa. Malaysia, ambako kazi hii iko chini ya JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu, na Singapore, ambako iko chini ya MUIS, baraza la dini ya Kiislamu la nchi hiyo, majina ya waliothibitishwa hutafutwa kwenye orodha rasmi za intaneti. Penye taasisi kadhaa za binafsi katika nchi moja, itakubidi uulize pia masharti yao, hasa kuhusu kuchinja kwa mashine na kumzimisha mnyama kwa umeme kabla ya kuchinjwa, kwa maana wanazuoni na taasisi hazikubaliani katika mambo hayo.

Sasa tuje kwenye bekoni. Jina hilo peke yake si hukumu, kwa sababu iko inayotengenezwa kwa nyama ya ng'ombe au ya bata mzinga. Ikiwa ni ya nguruwe, jambo linakuwa zito, kwa kuwa jiko la kifungua kinywa hutegemea bapa moja pana la chuma: mayai, soseji na pankeki hupikwa juu yake kwa mwiko uleule, na mafuta ya kimoja hutiririkia kingine. Mgahawa ukikuambia kwamba mayai ni halali huku yakikaangwa penye mafuta ya nguruwe, jibu hilo halikusaidii. Na maandishi ya "hatuuzi nguruwe", ambayo watu huyachukua kama cheti, hayasemi lolote kuhusu jinsi kuku na ng'ombe walivyochinjwa.

Vipo pia vitu visivyoonekana. Utando wa soseji huweza kutokana na utumbo wa nguruwe, jelatini, ile inayogandisha vyakula kama jeli, hutoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, na kiungo cha kuchanganyisha mafuta na maji kinachoandikwa E471 katika mikate na krimu huweza kutokana na mafuta ya mimea au ya wanyama, wala huwezi kutofautisha kwa kuonja. Kazi hii ndiyo hasa ya mkaguzi, na mimi sioni haki mlaji mwenye njaa ya asubuhi kutakiwa aifanye peke yake mbele ya kaunta.

Kuhusu wenzako, usiwaambie kwamba wamekula haramu, maana hadi sasa hujui hivyo. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake yako mambo yenye kutatiza, na mwenye kuyaepuka ameihifadhi dini yake. Mwandikie mwenye tawi, uombe nakala ya cheti na jibu la maandishi kuhusu bapa la kukaangia. Asipojibu, au cheti kikiwa na anwani ya kwingine, lihesabu tawi hilo kuwa halijathibitishwa.