Helsinki wakati wa baridi: achana na kanisa kwanza, piga picha kokoto

Watu wengi wakifika Helsinki, mji mkuu wa Finland, mwezi wa 12 au wa kwanza wanakimbilia lile kanisa jeupe la uwanja wa Senaatintori, wanapiga picha mbili tatu, vidole vinakufa ganzi, wanarudi hotelini. Ushauri wangu, tena nausema kwa moyo wote, angalia chini kwanza. Kwenye njia za miguu wanamwaga vikokoto ili watu wasiteleze kwenye barafu, vinanasa kwenye soli za viatu vinaingia mpaka ndani ya magorofa, na mimi naona hapo ndo unaanza kuelewa watu wa pale wanaishije na baridi.

Anzia Hakaniemi, kuna soko la ndani lilifunguliwa mwaka 1914, halafu panda kilima taratibu kuelekea mtaa wa Kallio. Utaona watoto wanavutwa kwenye sleji kwenda chekechea, vioo vya tramu vimejaa mvuke na mtu kafuta sehemu ndogo ya kuchungulia, mafundi wako juu ya paa wanasukuma theluji na koleo huku njia ya chini imezibwa usipite. Rudia mtaa uleule kesho yake pia, theluji mpya inaubadilisha wote.

Kinachonigusa zaidi ni vile vidude vya kuakisi mwanga ambavyo watu wananing'iniza kwenye makoti, sheria yao inataka anayetembea gizani awe nacho. Piga na flashi jioni ukiwa mbali kidogo, koti linabaki jeusi, sura haionekani, ila kale kadude kanawaka mweupee! Kwa watu ambao sura zao zinaonekana, omba ruhusa. Na ukikuta mtoto mchanga kalala kwenye kigari nje kwenye baridi usishtuke, kule ni kawaida kabisa, ila usimpige picha.

Mwanga ni mchache jamani. Mwishoni mwa mwezi wa 12 jua linachomoza karibu saa 3 na nusu asubuhi, na ikifika saa 9 na nusu alasiri limeshazama. Lakini usikate tamaa, baada ya hapo anga inabaki ya bluu muda mrefu kuliko kwetu huku Ikweta ambako giza linaingia ghafla, na taa za madirishani zinakuwa zimewaka, picha nzuri ziko hapo.

Theluji inaidanganya kamera inatoka ya kijivu, kwa hiyo ongeza mwanga mpaka +1 kwenye kipimo cha mwangaza cha kamera, kwenye simu gusa theluji kwenye skrini halafu vuta juu kale kajua kanakotokea. Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani karibu na mwili maana baridi inazimaliza haraka sana.

Ukichoka ingia Oodi, maktaba kubwa iliyofunguliwa 2018, kuingia bure na kuna joto, ila kabla hujaingia mlangoni funga kamera kwenye mfuko wa plastiki, na usiitoe mpaka ipate joto yenyewe, la sivyo mvuke utatanda kwenye lenzi.